Amondi na Sumaku Zisizoonekana

Mwaka watu walipoanza kumiminika Kemambo kutafuta dhahabu, Mama Rispa alikuwa akiuza uji kwenye mwalo, pale mahali mawe yaliyopondwa yanapooshwa kwa maji. Walitoka Geita, walitoka Shirati, wengine walivuka Sirari kutoka upande wa Kenya, wengine hata hawakujua wako wilaya gani, ilimradi walisikia kuna dhahabu. Mume wake, mzee Ogweno, alikuwa amefariki mapema, akamwachia shamba la mihogo na watoto wawili. Mkubwa alikuwa Olima. Wa pili alikuwa Dorah, ambaye nyumbani aliitwa Amondi kwa sababu alizaliwa alfajiri.

Amondi akitoka shuleni alipitia mwaloni kumsaidia mama kuosha vikombe. Mteja mmoja wa uji alikuwa Machage, mtu wa hapo hapo, aliyekuwa na duara lake, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la kuchimbia. Machage alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kwa karatasi ya nailoni. Baada ya kuosha mchanga kwenye karai, kilichobaki chini ni vumbi jeusi lenye chembe za njano ndani yake. Ukipitisha sumaku juu yake, mchanga mweusi unaruka na kuing'ang'ania, na chembe za njano zinabaki peke yake. Siku moja alimpa mtoto ajaribu. Amondi alijaribu, kisha akamuuliza kwa nini dhahabu haifuati.

Machage akamjibu kwamba dhahabu haina ukoo na chuma.

Kwa Machage maneno yalikuwa yamekwisha. Kwa Amondi yalikuwa yameanza. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila alipoiazima sumaku ile aliijaribisha kwenye kila kitu kilichokuwa karibu: kijiko, sufuria, pini ya nywele, jiwe la kuinulia chungu, hata pembe ya mbuzi. Mama alimwacha. Alisema mtoto anayecheza na sumaku walau hachezi kwenye mdomo wa shimo.

Olima yeye aliingia shimoni. Alikuwa kidato cha pili wakati vijana wa rika lake walipoanza kuacha shule mmoja mmoja, na hakutaka kubaki mwenyewe na madaftari. Mama alisema naye, mjomba alivuka kutoka Migori akasema naye, mwalimu mkuu akamwita. Olima aliwasikiliza wote kwa heshima, na Jumatatu akaonekana Kemambo na tindo mkononi. Alikuwa mchimbaji mzuri. Alijifunza kusoma mwamba kwa kuugonga, na wenzake wa duara, akina Marwa na Heche, walipenda kufanya kazi naye kwa sababu hakuwa mtu wa kelele.

Amondi aliendelea na shule Tarime, kisha akaenda Chuo Kikuu Dar es Salaam kusoma fizikia. Huko ndiko alikopata jibu ambalo Machage hakuwa nalo. Ndani ya kila atomu mna elektroni, na kila elektroni ni kama sumaku ndogo isiyoonekana. Katika dhahabu, sumaku hizo zimejipanga hivi kwamba moja inaifuta nyingine, hivyo kwa nje hakuna nguvu ya kutosha kuvutwa. Katika chuma zinabaki ambazo hazina wa kuzifuta, na hizo zinashirikiana. Alilisoma jambo hilo maktabani, kwenye kitabu kilichokuwa kimetoka jalada, na alifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi ya mji mgeni. Lakini jibu lile lilikuwa na swali jingine nyuma yake. Je, sumaku inaweza kuwa ndogo kiasi gani na bado ikawa sumaku?

Wakati huo kulikuwa na watu duniani waliokuwa wakiuliza hivyo hivyo. Wanakemia walikuwa wamejifunza kutengeneza molekuli zenye atomu chache za manganizi au chuma katikati, zimezungushiwa atomu nyingine kama boma linavyozunguka ng'ombe, na molekuli moja kama hiyo, ikipoozwa sana, inafanya kazi kama sumaku kamili. Amondi aliomba nafasi ya kusoma huko Ulaya kaskazini, akapata. Mama Rispa alimsindikiza mpaka Musoma. Alimwambia asiache kusali na asiache kula, na kwamba akiona baridi imezidi arudi, hakuna mtu atakayemcheka.

Baridi ya nje aliizoea. Baridi ya maabara ilikuwa nyingine. Ili kuzisoma molekuli zile ilibidi zishushwe katika heliamu iliyogeuzwa kuwa kimiminika, mahali penye baridi kuliko usiku wowote wa dunia hii. Amondi alichagua fuwele moja, ndogo kama mbegu ya ufuta, akaigandisha kwenye kijiti, akaiteremsha ndani ya sumaku kubwa yenye kimo cha mtu. Halafu alipitisha mawimbi, ya jamaa moja na yale ya rada, na kuangalia ni wapi molekuli inayameza. Molekuli haimezi kila wimbi. Nishati yake inakaa katika ngazi, na inapanda tu ikiletewa nishati iliyo sawasawa na umbali wa kutoka ngazi moja hadi nyingine. Kila mara molekuli ilipomeza wimbi, mstari kwenye skrini ulizama kidogo kama mguu ulioingia tope. Kazi ya Amondi ilikuwa kuangalia mizamo hiyo, kisha kueleza ngazi ziko wapi.

Mizamo yote ilikaa mahali pake isipokuwa mmoja. Ulikuwa mdogo, pembeni, na katika hesabu zote hapakuwa na ngazi ya kuueleza. Profesa wake, mtu mpole mwenye wanafunzi wengi, alisema huenda ni uchafu kwenye fuwele, akamshauri asiupotezee muda. Amondi alitengeneza fuwele upya, akazisafisha, na mzamo ukaja tena. Kwa miezi aliamka nao na kulala nao. Kuna wakati alifikiri kosa ni lake, kwamba kuna kitu ambacho wenzake walijifunza utotoni na yeye hakukipata.

Katikati ya shida hiyo ikaja simu kutoka Tarime. Kule nyumbani machimbo ya wachimbaji wadogo yalikuwa yamehama. Eneo la Kemambo sasa lilikuwa na mgodi mkubwa na uzio, na vijana wakasambaa pembezoni kutafuta mashimo mengine, hata yaliyoachwa zamani. Olima alikuwa kwenye mojawapo wakati ukuta ulipobomoka. Marwa na Heche walimfukua kwa mikono. Alikuwa hai, lakini mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili.

Amondi alisema anarudi. Alikuwa tayari ameshusha sanduku. Mama Rispa, aliyekuwa amepanda gari mpaka mjini ili apige simu hiyo, alimwambia, "Nyathina, mwanangu, mguu wa kaka yako unaungwa hapa, hauungwi na wewe. Kilichokupeleka huko kimekwisha?"

"Hakijaisha, mama."

"Basi kimalize. Mimi niko naye."

Mtoto wa mtu haachi kulia kwa sababu ameambiwa maneno ya busara. Amondi alilia, akalala mchana, na alipoamka akaenda maabara kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Juu ya meza yake kulikuwa na fuwele alizozisahau katika kisahani tangu siku iliyotangulia. Zilikuwa zimepoteza mng'ao. Zilipotoka kwenye maji yake ya kukuzia zilikuwa nyeusi na kung'aa. Sasa zilikuwa zimefifia kama macho ya samaki aliyelala gulioni. Alizitazama kwa muda mrefu. Ndani ya fuwele, kati ya molekuli na molekuli, huwa kuna maji kidogo yaliyonaswa, na fuwele hizi zilikuwa zimeyapoteza. Yakitoka, molekuli iliyokuwa jirani yake inabaki na nafasi tupu ubavuni, inajikunja kidogo, na ngazi zake zinahama.

Alichukua fuwele nyingine ikiwa bado imelowa, akaipaka mafuta isikauke, akaipima. Mzamo ule wa pembeni haukuwepo. Akaiacha fuwele nyingine ikauke mezani, akaipima. Mzamo ulikuwepo, tena mkubwa. Katika vipimo vyake vyote vya zamani alikuwa na makundi mawili ya molekuli ndani ya fuwele moja, yenye maji na yasiyo na maji, kila kundi na ngazi zake. Profesa alipoonyeshwa alikaa chini, akaomba aone tena tangu mwanzo, kisha akampa mkono. Amondi aliyaandika hayo, akatetea kazi yake mbele ya jopo, akapata shahada. Zilikuwepo nafasi za kubaki kule. Hakuzichukua. Aliwaambia wenzake kwamba ana kaka ambaye hajamwona akitembea.

Olima alikuwa akitembea, kwa kuchechemea. Alikuwa amehamia Machochwe, upande wa Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi, ambako mama alipata shamba kwa ndugu zake. Amondi alipofika na sanduku lake, uani palikuwa na viti vimepangwa. Alidhani ni vya kumpokea, na kweli vilikuwa vya kumpokea, lakini haikuwa kwa sababu aliyoifikiria. Marwa alikuwepo, Heche alikuwepo, na wanaume wengine watatu au wanne asiowafahamu, kila mmoja na mfuko wa mawe miguuni pake.

Walikula kwanza. Kisha Olima akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyengoja siku hiyo. Tangu alale na mguu uliofungwa, aliwaambia wenzake kwamba dada yake anasomea madini Ulaya, kwamba anajua kuona ndani ya mawe mambo ambayo macho hayaoni, na kwamba akirudi atawaonyesha mkanda wa dhahabu ulipopita. Kwa neno hilo walishikamana. Baadhi yao waliacha mashimo mengine wakaja kuchimba mlima mmoja huko nyuma, wakimngoja yeye tu awaambie wapinde upande gani.

Amondi alitazama mawe, akawatazama watu. Angeweza kusema ngoja nitaangalia. Wangeondoka na furaha, na siku ingepita.

"Sijui dhahabu iko wapi," alisema. "Sikusomea hilo. Anayesomea hilo ni mtu wa miamba, na mimi siye. Nilichosoma mimi ni kidogo sana, hakionekani, na hakiko kwenye mawe haya."

Heche ndiye aliyeinuka kwanza. Alimshukuru mama kwa chakula, akachukua mfuko wake akaondoka, na wengine wakafuata bila ugomvi, wengine wakimpa Amondi mkono. Marwa peke yake ndiye aliyemwambia Olima, "Mura, rafiki yangu, ungetuambia hujui," akamgusa bega na kutoka. Olima alichukua fimbo yake akaenda kwa mbuzi, na siku kadhaa hakusema na dada yake zaidi ya salamu.

Mama Rispa hakuwaamulia. Alimpa kila mmoja kazi yake, na jioni aliwapikia chungu kimoja.

Asubuhi moja walikuwa wawili shambani, wakitengeneza uzio wa nyaya na makopo ya kutisha tembo, wanaotoka hifadhini wakati mahindi yanapokomaa. Olima alikuwa ameshika mti wa uzio, Amondi akipiga msumari. Bila kumtazama, Olima akamuuliza, basi ulisoma nini miaka yote hiyo.

Amondi alifikiri aanzie wapi. Akamuuliza kaka yake, mkishuka kwenye duara refu mnashukaje. Olima akasema wanachonga vishikizo ukutani, unaweka mguu hapa, unaweka mguu pale.

"Unaweza kusimama katikati ya kishikizo na kishikizo?"

"Ukisimama hapo unaanguka."

Akamwambia molekuli nayo ni hivyo. Ni sumaku ndogo sana, inaelekea juu au inaelekea chini, kama mtu aliye ndani ya duara hili au duara la jirani. Ikitaka kugeuka inabidi ipande vishikizo mpaka juu, ivuke, ishuke upande wa pili. Vishikizo vya chini vimeachana sana, vya juu vimekaribiana, na kazi yake yeye ilikuwa kupima umbali kati ya kimoja na kingine bila kuviona. "Ila kuna kitu cha ajabu," alisema. "Ikiwa baridi sana haina nguvu ya kupanda. Na bado wakati mwingine unaikuta upande wa pili."

Olima aliuachia mti wa uzio. "Imetoboa."

"Imetoboa. Lakini haitoboi wakati wowote. Mpaka vishikizo vya upande huu viwe vimelingana na vya upande ule."

"Hata sisi hatutoboi ovyo," Olima alisema. "Unasikiliza nyundo ya jirani. Ukijua mko kina kimoja, hapo ndipo unapiga." Alifikiri kidogo. "Sasa hiyo molekuli yako inasikiliza nini?"

Amondi alisema haisikilizi kitu, na tena haiachi tundu ilipopita, na kwamba hata wakubwa wa kazi hiyo wanajua kuikokotoa kuliko kuieleza. Olima alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu dada yake arudi. Alimwambia kwamba kama angejua ni hivyo, angewaambia wenzake ukweli tangu mwanzo, na pengine wangekuja vilevile, kusikiliza. Jumapili iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa Heche na Marwa akawaomba radhi.

Amondi alipata kazi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari mjini Mugumu. Alipenda kufundisha. Lakini hapakuwa na heliamu Mugumu, wala sumaku yenye kimo cha mtu, na mwaka wa kwanza alijiambia kwamba sehemu ile ya maisha yake imefungwa. Aliyemtoa katika mawazo hayo ni mzee Athumani, fundi wa redio na televisheni mwenye kibanda karibu na soko, ambaye babu yake alikuja kutoka Pangani enzi za Wajerumani akakaa. Amondi alimpelekea kompyuta aliyorudi nayo kutoka Ulaya, ambayo ilikuwa imekataa kuwaka.

"Shikamoo, mzee Athumani."

"Marahaba, mwalimu. Hii unaifanyia nini?"

Akamweleza kwamba zamani aliifanyia hesabu za molekuli alizokuwa akizipima kwenye baridi kali, sasa anaandikia mitihani. Mzee Athumani aliifungua, akaipuliza, akabadilisha kitu kimoja, ikawaka. Kisha akasema, kwa upole, kama mtu anayeuliza bei, "Na hizo hesabu za kwanza, nazo zinahitaji baridi?"

Swali lilikuwa la kawaida, na jibu lake lilikuwa hapana. Kupima kunahitaji baridi. Kukokotoa ngazi kunahitaji kompyuta na subira tu. Unaandika jinsi kila atomu inavyomvuta jirani yake, unapata jedwali kubwa la namba, na ngazi za nishati zimo ndani ya jedwali hilo kwa anayejua kuzitoa. Amondi aliingia kwenye mtandao pale mjini, akawaandikia wenzake wa zamani kuuliza wana molekuli gani ambayo hakuna mwenye muda nayo. Walimtumia pete ya atomu nane za kromiamu.

Jedwali la pete ile halikuingia kwenye kompyuta yake. Lilikuwa kubwa mno, mashine ilijaa na kukwama. Kule Ulaya wangelipeleka kwenye mashine kubwa zaidi. Yeye hakuwa nayo, kwa hiyo ilibidi afikiri. Pete ukiizungusha atomu moja mbele inabaki vilevile, na kitu kinachobaki vilevile kikizungushwa kinaruhusu jedwali lake kukatwa vipande vidogo visivyoingiliana. Likizo nzima alifanya kazi ya kukata, kwa kalamu na karatasi, kwenye meza ya jikoni. Mzee Athumani alimfungia betri za gari na paneli ya jua juu ya paa, ili umeme usimkatikie njiani. Mashine ilikuwa ikikokotoa wakati yeye yuko darasani, na akirudi anakuta kipande kimoja kimeisha, anaweka kingine.

Alituma orodha ya mahali ambapo mizamo itaonekana. Wenzake walipima wakati wa majira yao ya baridi. Jibu lilimkuta katikati ya kusahihisha mitihani ya kidato cha tatu: mizamo yote ilikuwa pale alipoiweka, ila mmoja. Ilimchukua muda mwingine kugundua kwamba pete haikuwa duara kamili, fuwele iliibana kidogo ubavuni. Aliingiza mbano huo kwenye hesabu, na mzamo wa mwisho ukakaa. Walipoandika makala, jina lake lilitangulia, na mahali pa kuandika taasisi aliandika shule yake, Mugumu, wilaya ya Serengeti. Wahariri waliuliza kama hapo hakuna makosa. Alijibu kwamba hakuna.

Tangu hapo amefanya molekuli kadhaa, moja kwa mwaka au chini ya hapo, kwa mwendo wa mtu mwenye vipindi vya kufundisha. Olima anachimba kiangazi, na masika analima. Mguu humuuma mvua zikikaribia. Marwa bado huja kumtembelea, na wakikaa na Amondi hawaongei habari za dhahabu isipokuwa kama mgeni ameanza.

Mwezi wa mavuno uliopita Amondi alikuwa Machochwe akipukuchua mahindi na mama yake. Mama Rispa sasa ni mzee, haoni vizuri kwa mbali, lakini mikono yake bado ina kasi. Alimuuliza binti yake kama vitu vile anavyokokotoa vimeshamsaidia mtu yeyote. Amondi alisema bado. Alisema kuna wanaofikiri siku moja vitatumika kutunza kumbukumbu ndani ya kompyuta, kitu kimoja kwa molekuli moja, lakini yeye hawezi kumwahidi.

"Na wewe unaendelea tu?"

"Naendelea, mama. Napenda kujua ngazi ziko wapi."

Mama Rispa alitikisa kichwa, akasogeza ungo karibu ili punje zisimwagike, akamwambia amletee gunia lingine kabla jua halijawa kali.